Kupiga kura mapema au kupiga kura ya mapema?

Uchaguzi ukikaribia, wakazi wa Kocholia huhimizwa wapige kura mapema. Maana yake wadamke, saa kumi na mbili asubuhi vituo vikifunguliwa wawe foleni. Chomeka "ya" hapo, maana inageuka: kura ya mapema hupigwa kabla ya siku yenyewe. Dereva wa lori wa Malaba akizichanganya mbili hizi atafika kituoni Jumatatu akute hakuna kitu, na Jumanne yuko Kampala. Kura yake ndiyo imekwenda hivyo.

Zanzibar wanayo kura ya mapema. Mwaka 2020 askari na watumishi wa uchaguzi walipiga tarehe 27 Oktoba, wananchi wengine tarehe 28. Upinzani uliipinga vikali, na ubishi huo haujaisha.

Kupiga kura kwa posta (naona "kwa" inafaa kuliko "ya", kwa kuwa posta ni njia tu) ni jambo jingine. Jimboni Oregon, Marekani, hata diwani na meya huchaguliwa hivyo: karatasi huletwa nyumbani, unaijaza, unaitia katika bahasha, unatia saini juu yake na kuirudisha.

Kenya bado hatupigi kura kwa njia hizo. Dereva wetu akijiandikisha Kampala, atamchagua rais peke yake. Mwakilishi wa wadi yake, anayemgusa kwa soko na taka za Malaba, atachaguliwa na wengine.