Jitekenye kwapani, utaielewa sauti

Swali linalonirudia zaidi kutoka kwa wasomaji wa Tanga lina sura moja. Kijana wa nyumbani anasikia watu wakimsengenya na chumbani hamna mtu. Amenyweshwa kombe, amefukizwa ubani, mbuzi mweusi amechinjwa, hali iko palepale. Mama mmoja wa Pangani aliongeza la kwake: "Hospitali wanataka kuongea naye. Mtu aliyechanganyikiwa anaongeleka?"

Anaongeleka. Kwanza niondoe uzushi, maana siwezi kuupita nikanyamaza. Hapana, hakusoma mpaka ubongo ukapasuka. Bangi, ndiyo, inachangia: utafiti uliofanywa Ulaya na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta wanaovuta kila siku wana hatari ya kuugua kama mara tatu ya wasiovuta, ila wapo chungu nzima waliougua bila kuonja hata msokoto mmoja. Uzushi unaoniudhi kuliko wote ni kwamba ukimuuliza mgonjwa habari za sauti zake unamzidishia wazimu. Huo hata baadhi ya watu wa afya walifundishwa zamani.

Sasa jitekenye kwapani. Hucheki. Mkono ule ule ungekuwa wa mdogo wako, ungeruka. Ubongo unapoamuru kidole kisogee, hutuma nakala ya amri hiyo upande wa hisia: tulia, ni sisi wenyewe. Mguso unafika umeshapunguzwa makali. Mwaka 2000 Sarah-Jayne Blakemore na wenzake jijini London waliwajaribu wagonjwa wanaosikia sauti. Kwao mkono wao wenyewe ulitekenya sawa na mkono wa mtu mwingine. Nakala haikufanya kazi yake.

Hamishia jambo hilo kwenye maneno. Kutwa tunajisemesha moyoni: nimesahau chumvi, yule kaninunia, mjinga mimi. Nakala ikipotea, "mjinga" linafika halina mwenyewe, na ubongo hauvumilii neno lisilo na mwenyewe. Utamtafuta tu: jirani, polisi, jini wa mbuyuni. Watafiti hawajafunga mjadala huu, lakini sijaona maelezo mengine yanayonikaa vizuri hivi. Na ndiyo maana kuongea kunafaa. Dawa hupunguza uzito ambao ubongo unayapa maneno hayo; mazungumzo humsaidia mgonjwa kuchunguza anayasikiaje na anayajibuje. Sauti huja saa ngapi? Ulikuwa umelala vizuri? Ilisema utakufa Ijumaa. Ijumaa ilipita vipi?

Mwaka 2015 Tanya Luhrmann na wenzake walichapisha mahojiano na watu 60 wa California, Accra na Chennai. Wamarekani walisimulia zaidi sauti za vitisho na damu. Wa Accra wengi walimsikia Mungu, na Chennai sauti mara nyingi zilikuwa za ndugu wanaoagiza na kukaripia. Kwa hiyo sina ugomvi na imani ya mtu. Sauti huvaa nguo za mji wake.

Kuna tiba iliyobuniwa London na Julian Leff ambayo mtu wa Tanga ataitambua haraka. Mgonjwa huichorea sauti yake uso kwenye kompyuta, kisha mtaalamu huusemesha uso ule, naye mgonjwa hujifunza kuukabili, na kikao hadi kikao uso hulegea. Jaribio la watu 150 lilichapishwa mwaka 2018, jingine la watu 345 mwaka 2024; sauti zilipungua ukali, ingawa nafuu hiyo haikudumu sawasawa kwa kila mtu. Ukisoma utadhani uko kilingeni: wewe nani, unataka nini? Tofauti ni kwamba kilingeni pepo akishataja jina hupewa anachodai, kitambaa chekundu, kuku, laki tatu, na mwezi ujao hudai tena. Mgonjwa anarudi nyumbani sauti imepandishwa cheo. Wapo waganga waungwana. Miaka ya 1990 baadhi yao walishirikiana na madaktari wa hospitali ya Bombo, Tanga, kuhudumia wagonjwa wa UKIMWI. Siwasemi hao. Namsema anayemfunga mtoto wa watu kamba kwenye mwembe na kupokea malipo kwa simu.

Muda ndio unaoumiza. Marekani, kusiko na vilinge, katika utafiti wa watu 404 nusu yao walikaa wiki 74 au zaidi bila tiba ya maana, na waliowahi ndio waliofaidika zaidi.

Basi fanyeni hivi: anzieni Bombo au kituo cha afya kilicho karibu. Dawa msizikatishe kienyeji. Akitaja kujidhuru, mpelekeni siku hiyohiyo. Wanasaikolojia ni wachache, kwa hiyo familia ijifunze nayo, kama ilivyojaribiwa Muhimbili na Mbeya, ndugu na mgonjwa darasa moja. Katika hospitali ya akili ya Lutindi, kule milimani Korogwe, iliyoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, mpaka leo wagonjwa hushika kazi za mikono na za shamba la chai. Na kazi ina mazungumzo yake.

Mkienda, mwacheni aseme mwenyewe. Na mama wa Pangani, jaribu kukumbuka sauti zilianza lini. Daktari ataanzia hapo, na familia nyingi ninazoongea nazo hukumbuka tarehe ya mbuzi tu.