Gego la Miaka Sita

Mtu apitaye asubuhi katika hospitali ya wilaya, iwe Tanga au Lindi, Malindi au Chake Chake, hana haja ya kusoma kibao ili aujue mlango wa tabibu wa meno, kwani benchi lililo mbele yake humwambia: hapa ameketi mama aliyejifunga kanga kichwani ikapita chini ya kidevu, shavu limevimba, pale kijana ameinama, kiganja kikilibana taya, na hewani mna harufu ya karafuu, maana wengi wao wamekesha na punje ya karafuu ndani ya tundu la jino, wakaitema walipofika mlangoni. Hakuna hata mmoja aliyekuja kwa hiari yake. Wote wameletwa na maumivu, na maumivu ya jino, kwa jinsi yalivyoumbwa, ni mlinzi apigaye kelele baada ya mwizi kwisha kuondoka na mali.

Mimi siidharau karafuu. Mafuta yake hutuliza kweli, na matabibu wenyewe kwa zaidi ya karne moja wameyachanganya na unga wa zinki wakapata udongo wa kuzibia jino kwa muda, hata ikawa zao tulionalo likianikwa majamvini Pemba limeingia katika vinywa vya watu wasiopata kukisikia kisiwa hicho. Walakini litulizwalo hapo ni umivu, si maradhi. Na mgonjwa aliyetulia, badala ya kwenda hospitali siku ya pili, huenda shamba au dukani kwake, akasahau, na tundu likaendelea kuchimbika kimya kimya hadi siku ambayo punje kumi za karafuu hazitafaa kitu.

Sababu ya ukimya huo iko katika umbo la jino lenyewe. Gamba lake la nje ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, hata mfupa, lakini halina damu wala mshipa wa fahamu. Kwa hiyo likiliwa halisikii, na likiisha kutoboka haliwezi kujijenga upya kama ngozi iliyochubuka. Wazee walisema jino limeliwa na mdudu, na kwa namna fulani hawakukosea sana, ila mdudu mwenyewe ni mdogo kupita upeo wa jicho, naye hali jino bali hula sukari. Vijidudu viishivyo katika ukoga, ule utando mlaini unaonata juu ya meno, hupokea sukari tuliyokula vikaigeuza tindikali, na tindikali ndiyo iyeyushayo gamba. Mate nayo huja kuzimua tindikali hiyo na kulirudishia gamba baadhi ya madini yake, kazi ambayo aghalabu huchukua nusu saa hadi saa nzima. Hapo ladhihirika jambo ambalo wengi hawalijui: madhara ya sukari hayatokani na wingi wake tu, bali zaidi na mara ngapi inaingia kinywani. Mtu alaye sahani ya halua siku ya Idi baada ya chakula cha mchana, akasukutua kinywa na kuacha, hajidhuru kama karani akaaye na gilasi ya chai tamu mezani tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, akionja funda moja kila dakika kumi, kwa maana meno ya karani huyo hayapati hata nafasi moja ya kupumua.

Dalili ya kwanza ya uharibifu si tundu wala si weusi, bali ni doa jeupe lisilo mng'aro, mfano wa chaki, karibu na ufizi au pembezoni mwa mifereji ya gego, nalo halionekani vema mpaka jino likaushwe na kumulikwa taa. Doa hilo laweza kurudishwa nyuma bila kuchimba chochote, kwa kupakwa dawa ya floridi na kwa mwenye jino kubadili mazoea yake. Ndiyo faida ya kumwendea tabibu mtu akiwa hana umivu lolote, jambo ambalo jirani zako wataliona kichekesho: humwendea aone kile ambacho wewe huna namna ya kukiona wala kukisikia.

Sasa niruhusiwe kukaa kidogo juu ya jino moja, kwa kuwa naona hasara kubwa ya vinywa vyetu huanzia kwake. Mtoto afikapo umri wa miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno yake ya utoto, mahali ambapo taya limekua likaacha nafasi, huchomoza magego manne, moja kila pembe ya kinywa. Hayachukui nafasi ya jino lolote lililong'oka. Hapana jino lililolegea, hapana pengo, hapana mtoto kukimbia uani kulirusha jino juu ya paa na kuomba apewe jipya; basi mzazi hapati habari. Akiliona, hudhani ni katika yale ishirini ya utoto ambayo yatang'oka na kupata badali, na likioza husema, liache, litaota jingine. Hasha, halioti jingine. Gego hilo ni la ukubwani, nalo limekusudiwa kusaga chakula cha mtu huyo hata atakapokuwa babu.

Na kwa bahati mbaya hakuna jino lizaliwalo katika hatari kuliko hilo. Gamba lake bado changa. Uso wake una mifereji ambayo mingine ni myembamba kuliko unywele mmoja wa mswaki, hata ukoga ukajificha ndani bila kufikiwa. Na kwa miezi mingi huwa fupi kuliko jirani zake, mswaki ukapita juu yake pasipo kuligusa, ilhali mwenye kuushika mswaki ni mtoto wa miaka sita mwenye haraka ya kwenda kucheza. Mzazi atakaye kulitambua amsimamishe mtoto penye mwanga wa dirisha, amwambie apanue kinywa, kisha ahesabu kutoka jino la katikati mbele akielekea nyuma upande mmoja. Meno ya utoto ni matano kila pembe. La sita ndilo hilo. Nalo lapaswa kupigwa mswaki kwa kuingiza mkono kutoka pembeni mwa kinywa, mswaki ukikaa mkingamo juu yake, na mkono wenyewe uwe wa mtu mzima, hata mtoto atimize miaka saba au minane.

Tabibu ana ikhtiari yake kwa gego hili, nayo haina sindano wala kekee. Hulisafisha, hulikausha, hulipaka tindikali hafifu kwa muda mchache ili uso wake ukwaruke, huliosha tena, kisha humimina katika mifereji utomvu mwepesi ambao hugandishwa kwa taa yenye mwanga wa buluu. Kazi hiyo huchukua dakika chache kwa kila gego, na mifereji iliyokuwa maficho ya ukoga huwa imezibwa kabla ya kuoza. Nimewasikia wazazi wakinung'unikia gharama ya kutibu jino lisilouma, na wazazi hao hao hawasiti kumnunulia mtoto soda kila atokapo shule.

Kama tundu limekwisha kuingia, bado si lazima kila mara mashine ivume. Katikati ya miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao tabibu wa Kiholanzi Jo Frencken, walikabiliwa na swali ambalo nchi tajiri hazikuwa na haja ya kulijibu: vipi jino litazibwa katika kijiji kisicho na umeme, ambako kekee ya tabibu ni chuma kitupu? Walichofanya ni kuchukua vyombo vya mkono tu, kijiko kidogo chenye makali na patasi ndogo, wakaukwangua uozo mlaini peke yake na kuacha sehemu ngumu, kisha wakaliziba tundu kwa saruji ya kugandia jino. Njia hiyo ilijaribiwa baadaye Thailand na Zimbabwe kwa saruji itokanayo na unga wa kioo, ambayo hutoa floridi kidogo kidogo ikiwa kinywani, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu mzima. Leo hutumiwa hata kwa watoto wa nchi zenye umeme usiokatika, kwa kuwa haina mvumo, na mara nyingi haihitaji ganzi. Laiti sifa hiyo ingalifundishwa katika shule zetu, maana ni nadra mtoto wa Kitanzania kuambiwa kwamba kuna tiba iliyotoka kwao ikaenda kwa wenzao.

Kuhusu floridi yenyewe, Afrika Mashariki imepewa funzo lenye pande mbili. Pande za Arusha na Meru, na kwingineko katika Bonde la Ufa, maji yapitayo katika miamba ya volkano huchukua madini hayo kupita kiasi, na watoto wanywao maji hayo tangu utotoni huota meno yenye madoa ya kahawia, mengine yakamomonyoka; magadi yatiwayo katika maharage na makande huzidisha. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita, na ziko chemchemi za huko zinazouruka mpaka huo mara nyingi. Kwingineko, kadiri ndogo ya madini hayo hayo ndiyo ngao ya jino. Kwa hiyo dawa ya meno yenye sehemu 1000 hadi 1500 za floridi katika milioni yafaa kwa wote, ila kwa kipimo: mtoto wa chini ya miaka mitatu apewe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere, afundishwe kutema wala asisukutue kwa maji mengi baadaye, ili dawa ibaki juu ya meno. Mara mbili kwa siku zatosha, na ya usiku isikose, kwa kuwa mate hupungua mtu alalapo. Mswaki wa mti, ambao Waislamu wa mwambao wameuenzi tangu kale kwa kufuata suna, husafisha vema nyuso za mbele ukitafunwa hata ukawa na nyuzi na ncha iliyochakaa ikakatwa. Magego ya nyuma ndiyo usiyoyafikia kwa urahisi.

Kuna desturi moja sina budi kuilaani waziwazi. Mtoto mchanga akipatwa na homa na kuharisha, wako watu katika nchi zetu wadaio kwamba ana meno ya plastiki, au ya nailoni, nao huukata ufizi wake kwa kisu au chuma chochote na kuchimbua kitu cheupe, wakamwonyesha mama kuwa ndio ugonjwa. Kile cheupe ni chonge la utoto ambalo bado halijaiva. Watoto wamekufa kwa kuvuja damu na kwa sumu iliyoingia jerahani, huku kuharisha kwenyewe, ambako kungalitibiwa kwa maji ya chumvi na sukari, kukiachwa kuendelea.

Kwa watu wazima adui ni mwingine. Ukoga usioondolewa hugeuka jiwe pembezoni mwa ufizi, ufizi ukavimba na kutoa damu, na mwenye nao, akiiona damu kwenye mswaki, huacha kupiga mswaki mahali pale, kinyume kabisa cha inavyopasa. Jiwe halitoki kwa mswaki, tabibu hulikwangua. Wengine husema kukwanguliwa huko kumewalegeza meno, na kwa kweli jino laweza kutikisika baada ya jiwe kuondoka, lakini ni kwa kuwa mfupa ulikwisha kuliwa zamani na jiwe ndilo lililokuwa limelishikilia. Mwenye kisukari ahadhari zaidi, kwa sababu maradhi hayo mawili huchocheana. Mjamzito asiogope kwenda, wala asiamini kwamba kila mimba huchukua jino. Na wapenzi wa tambuu wajue kwamba popoo, iwe na tumbaku au bila tumbaku, imehesabiwa tangu 2004 miongoni mwa vitu viletavyo saratani.

Jino likioza hadi kiini, hubaki njia mbili. Ya kwanza ni tiba ya mzizi: jino hutiwa ganzi, hutobolewa juu, nyama iliyokufa ndani hutolewa kwa sindano nyembamba, mifereji ya mzizi huoshwa, hujazwa utomvu, na jino huzibwa likaendelea kutafuna miaka mingi. Ya pili ni kung'oa, ambayo ni nyepesi na rahisi kwa bei, nayo ni haki kabisa pale jino lilipovunjika hadi mzizini au lilipolegea lisishike tena. Lakini bei hiyo ina deni nyuma yake: meno jirani huinamia pengo, la upande wa pili hushuka kulitafuta lililokuwa likikutana nalo, na mzee wetu aliyesema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo alikuwa amekwisha kuyaona hayo.

Limebaki jambo la dharura, ambalo mwalimu wa michezo na dereva wa bodaboda wangepaswa kulijua sawasawa. Mtu akianguka, jino la ukubwani likang'oka zima, asilitupe wala asilisugue. Alishike upande wa kutafunia, asiguse mzizi. Kama lina mchanga alisuze upesi kwa maziwa, kisha alirudishe shimoni mwake hapo hapo, ang'ate kitambaa safi. Akishindwa, alitie katika kikombe cha maziwa, asilitie katika maji matupu, aende mbio kwa tabibu, kwani ndani ya nusu saa matumaini ya kushika tena ni makubwa na baada ya saa moja hupungua sana. Jino la utoto lililong'oka lisirudishwe, lisije likaliumiza la ukubwani lililo chini yake. Hilo, mtoto na alirushe paani.