Marekani: Mafunzo ya walimu wa historia yalikosa shule zenye shida zaidi

Kwa takriban miaka kumi, serikali ya Marekani ilitoa pesa nyingi ili walimu wanaofundisha historia ya nchi hiyo warudi kujifunza. Mpango huo ulianza mwaka 2001 kwa juhudi za Robert Byrd, seneta wa West Virginia aliyejulikana kwa kutembea na nakala ya Katiba mfukoni. Mwanzoni Bunge lilitenga dola milioni 50. Baadaye kiasi hicho kilizidi milioni 100 kwa mwaka. Byrd alifariki mwaka 2010, na miaka miwili baadaye mpango haukupewa tena pesa.

Ili kupata msaada huo, wilaya ya shule ilipaswa kushirikiana na chuo kikuu, maktaba, makumbusho au shirika lenye ujuzi wa historia. Walimu walikutana na maprofesa, mara nyingi wakati wa likizo, wakasoma barua, hotuba na hati za zamani.

Lakini nani alihudhuria? Tathmini iliyofanywa kwa ajili ya Wizara ya Elimu mwaka 2005 ilionyesha kwamba wengi walikuwa walimu wazoefu, waliokuwa tayari na msingi wa historia. Waliohitaji msaada zaidi hawakuwa ndio waliofika kwa wingi.

Wakati huohuo, shule dhaifu zilikuwa chini ya shinikizo. Sheria iliyosainiwa na Rais George W. Bush Januari 2002 ilitaka wanafunzi wa darasa la 3 hadi la 8 wapimwe kila mwaka katika kusoma na hesabu. Historia haikuwemo. Shule iliyoshindwa mfululizo ilikabiliwa na adhabu, hivyo shule nyingi ziliongeza saa za masomo hayo mawili na kupunguza historia. Mwalimu aliyebaki na kipindi kifupi, pengine hata hakulisomea somo lenyewe, alishika kitabu na kusomesha majina na tarehe.

Matokeo hayafurahishi. Katika mtihani wa kitaifa wa mwaka 2022, asilimia 13 tu ya wanafunzi wa darasa la 8 walifikia kiwango cha ustadi katika historia ya Marekani.

Hata hivyo, njia nyingine ilishajaribiwa. Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliingia katika shule tano za sekondari za San Francisco. Walimu walipata mafunzo pamoja na masomo yaliyo tayari kutumika. Kila somo lina swali moja na hati chache, zilizofupishwa na kurahisishwa kwa wanafunzi wasiosoma vizuri.

Chukua mgomo wa mabasi wa Montgomery. Wengi hufundishwa kwamba ulianza kwa sababu Rosa Parks alikataa kuachia kiti chake Desemba 1955. Lakini mwanafunzi akipewa barua ya Jo Ann Robinson kwa meya wa mji huo, ya tarehe 21 Mei 1954, anakuta tayari humo onyo la kususia mabasi. Hapo inabidi ajiulize: mgomo ulianza lini hasa, na nani aliuandaa?

Baada ya miezi sita, wanafunzi waliofundishwa hivyo waliwashinda wenzao katika kuichambua historia, na pia katika kuelewa wanachokisoma. Yaani somo lililopunguzwa ili kuokoa usomaji lingeweza kuusaidia usomaji wenyewe.

Jambo hili linawagusa pia Wakongomani. Maelfu ya familia za wakimbizi kutoka DRC zimepokelewa Marekani, na watoto wao husoma historia hiyo wakiwa bado wanajifunza Kiingereza. Hati fupi yenye maneno mepesi inaweza kuwafungulia mlango.

Masomo ya Stanford hupatikana bure kwenye intaneti. Kinachokosekana katika shule zenye shida ni muda: saa ambazo mwalimu analipwa kujiandaa, wakati wa kazi, badala ya kusubiri likizo yake.