Katiba ya Chama cha Wataalamu na Mamlaka ya Mhariri: Mazingatio kutoka Kando ya Ziwa Viktoria

Elimu ya katiba kando ya Ziwa Viktoria ilianzia kwenye mizani ya pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma, kwa kuwa walikuwa na shaka juu ya mizani ya wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe, na kutoka hapo wakaunda vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake makuu yakiwa Mwanza, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Na kufika mwaka 1959 muungano huo ulikuwa ukinunua pamba yote ya Jimbo la Ziwa. Basi hata mkulima asiyepata kuingia darasani alifahamu kazi ya mwenyekiti, kazi ya katibu, na kwamba fedha isiyo na stakabadhi ni mwanzo wa ugomvi.

Kwa sababu hiyo wataalamu wanaotaka kuunda chama chao katika Mwanza, wawe ni wa lugha, wa tiba au wa samaki, hukuta lugha ya katiba imekwisha andaliwa. Lakini chama cha wataalamu kina kitu ambacho chama cha pamba hakikuwa nacho, nacho ni jarida. Na jarida huleta afisa mpya, mhariri, ambaye hana mfano wake katika ushirika. Katiba nyingi humtaja katika mstari mmoja tu, baada ya mweka hazina, kana kwamba kazi yake ni kusahihisha tahajia na kupeleka karatasi kwa mpiga chapa. Hilo ni kosa, na matokeo yake huonekana siku ile makala inapomchukiza mtu mwenye cheo.

Majina ya maafisa yenyewe yafaa kutazamwa. Mwenyekiti ni mwenye kiti; madaraka yake yamo katika kiti, naye akiisha kuondoka mkutanoni huwa mwanachama kama wengine. Katibu, kwa asili ya Kiarabu, ni mwandishi, wala si mkuu wa kazi zote kama ilivyokuja kuzoeleka katika vyama vya siasa. Hazina ni mahali pa kuwekea mali, na mweka hazina huweka tu. Hatumii ila kwa amri ya halmashauri. Neno mhariri nalo latokana na Kiarabu, ambako tahriri hubeba maana mbili, kusawazisha maandishi na kukomboa. Pengine maana hiyo ya pili ndiyo inayosahauliwa na watungaji wa katiba.

Juu ya uandikishaji hapana haja ya kusema mengi. Sheria ya Jumuiya, ambayo sasa ni Sura ya 337, asili yake ni ya mwaka 1954, na watu wa Mwanza waliionja makali yake mapema, kwani TANU ilinyimwa nafasi ya kuandikishwa katika Usukuma hata mwaka 1958. Chama kinachotaka kudumu hutaja jina lake, makusudi yake, maafisa wake na mahali pa afisi yake kwa maneno yaliyo wazi, ili msajili asipate sababu ya kuuliza mara mbili.

Kazi za maafisa watatu wa kwanza zajulikana. Mwenyekiti huongoza mazungumzo, na kura zikilingana hutoa kura ya kukata shauri. Katibu huita mikutano, hutunza daftari la wanachama, na huandika kumbukumbu, ambazo yapasa zisomwe na kukubaliwa katika mkutano unaofuata kabla ya kutiwa sahihi. Mweka hazina hutoa stakabadhi kwa kila ada, na hesabu zake hukaguliwa na mtu asiyekuwa katika halmashauri. Fedha za jarida yafaa ziwekwe mbali na fedha nyingine, kwani chama kikipungukiwa, karatasi na wino ndivyo huwa vya kwanza kukatwa.

Jambo moja hapa lahitaji uangalifu kwa sababu ya ziwa lenyewe, nalo ni akidi ya mkutano. Mjumbe wa Bukoba hulala melini usiku kucha ili afike Mwanza. Wa Ukerewe hungoja kivuko. Wa Musoma huja kwa barabara. Katiba ikidai nusu ya wanachama wote wahudhurie, mkutano mkuu hautafanyika kamwe. Ikiridhika na watu wachache mno, basi wakaaji watatu wa mjini, wakinywa chai pamoja Jumamosi, wataweza kubadili kila kitu. Dawa iliyo nzuri ni kuweka akidi ndogo kwa mambo ya kila siku, na kutaka kura ya maandishi ya wanachama wote katika mambo matatu tu: kubadili katiba, kuvunja chama, na kumwondoa mhariri.

Kwa nini mhariri awekwe katika daraja hilo? Jibu limo katika historia ya majarida yenyewe. Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, alianza kutoa Philosophical Transactions mwezi wa Machi 1665. Jarida hilo, ijapokuwa lilichukua habari zake kutoka katika mikutano ya chama, lilikuwa mali yake mwenyewe; gharama zilikuwa zake na faida, ikipatikana, ilikuwa yake. Alipofariki mwaka 1677 jarida likayumba, na baada ya 1679 likasimama kwa miaka kadhaa. Mwaka 1752 ndipo chama kilipolichukua rasmi na kuweka halmashauri ya kupima makala kwa kura. Yaani ilipita miaka 87 kabla ya wataalamu wale kukata shauri jarida ni la nani.

Afrika Mashariki ilikuwa na bahati zaidi. Halmashauri ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa niaba ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja iliifanya kazi ya katibu wake kuwa mali ya Halmashauri. Katibu wa kwanza, Frederick Johnson, alifariki kabla kamusi zake kubwa hazijatoka. Lakini karatasi zilikuwako, wenziwe wakazimaliza, na mwaka 1939 kamusi zikachapwa. Taarifa za Halmashauri hiyo ndizo zilizokuja kuwa jarida lililoitwa Swahili mwaka 1959, na baadaye Kiswahili. Halmashauri ilihama kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, kisha Makerere, kisha Mombasa, hata ikarudi Dar es Salaam mwaka 1964 na kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili. Jarida halikupotea njiani, maana halikuwa la mtu.

Hata hivyo kuwa mali ya chama hakutoshi. Yafuatayo yalitokea katika ziwa lenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 palikuwa na mabishano kama sangara, samaki mkubwa alaye samaki wenziwe, aingizwe katika Ziwa Viktoria. Geoffrey Fryer, mtaalamu wa kituo cha uchunguzi wa samaki kilichoanzishwa Jinja mwaka 1947, aliandika mwaka 1960 katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki kupinga jambo hilo. Mwaka uliofuata A. M. Anderson akatoa hoja za upande wa pili katika jarida lilo hilo. Mwenye kusoma kurasa hizo leo hukuta mashindano ya haki, kila mmoja na hoja zake. Lakini sangara alikwisha onekana ziwani mwaka 1960, na mwaka 1962 na 1963 akatiwa waziwazi huko Entebbe na Kisumu. Miaka ishirini baadaye, katika Ghuba ya Mwanza, wataalamu wa Kitanzania na wa Chuo Kikuu cha Leiden, ambao walianza kazi huko mwaka 1977, waliona furu wa aina nyingi wakitoweka katika nyavu zao.

Jarida halikumzuia sangara, wala hiyo si kazi ya jarida. Lakini kwa kuwa makala zote mbili zilichapwa, kila mtu anaweza kujua ni nani alisema nini, na kwa sababu gani, kabla mambo hayajatokea. Mhariri angaliamrishwa na wakubwa kuikataa moja, leo pangalibaki masimulizi ya wavuvi mialoni na udhuru wa maafisa. Hapo ndipo thamani ya ofisi ya mhariri ilipo.

Kwa hiyo katiba iseme kwamba jarida ni mali ya chama, lakini uamuzi wa kukubali au kukataa makala ni wa mhariri peke yake, akiisha kusikia maoni ya wasomaji wawili asiowataja kwa mtunzi. Halmashauri humpa fedha na idadi ya kurasa. Haimpi orodha ya watu wa kuchapwa. Afisa yeyote anayeleta makala yake mwenyewe, hata mwenyekiti, hapimi wala haulizi imefika wapi. Na mhariri akiandika, makala yake hupimwa na mtu mwingine kabisa. Muda wa mhariri uwe wa miaka mitatu, aweze kuchaguliwa tena mara moja. Katika muda huo aweza kuondolewa kwa uzembe au kwa udanganyifu, wala si kwa sababu ya makala aliyoichapa.

Hapa ndipo wenye elimu ya lugha wanapohitajiwa, kwa sababu Kiswahili cha katiba kina mitego yake. Kifungu kikisema, “Mhariri atapokea miswada,” je, hiyo ni habari ya siku zijazo au ni amri? Sheria zetu zimezoea kutumia kiambishi -ta- kwa amri, na msomaji wa kawaida hukisoma kama ahadi. “Itampasa kupokea” huondoa shaka. Kadhalika “aweza kukataa” huchanganya uwezo na ruhusa. “Ana mamlaka ya kukataa” ni bora zaidi. Lakini neno la hatari kupita yote ni shauri. Ikiandikwa kwamba mhariri ataamua “kwa shauri la halmashauri,” mmoja atafahamu kwamba anasikiliza tu nasaha, na mwingine kwamba hawezi kutenda bila ya kukubaliwa. Kama ni nasaha, na iandikwe “baada ya kusikia maoni ya”, kama ni ruhusa, na iandikwe “kwa idhini ya.” Na kiunganishi na chenyewe si kidogo: “mwenyekiti na mhariri wataamua” chaweza kumpa kila mmoja uwezo wa kumzuia mwenziwe.

Limebaki daftari la miswada, ambalo katiba nyingi hazilitaji. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kitabu chake cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe. Kilichapwa mwaka 1980 kwa Kiswahili, katika tafsiri yake mwenyewe, naye akafariki mwaka 1981. Kitabu kizima si makala ya jarida. Lakini ziwani humu wako wengine wengi wenye orodha za maneno, nasaba na habari za mvua, zilizoandikwa kwa kalamu katika madaftari ya shule, wasiojua wazipeleke wapi. Katiba na imlazimishe mhariri kuandika katika daftari siku mswada ulipofika, jina la mtunzi, ulipelekwa kwa msomaji lini, na siku jibu lilipotoka, jibu lenyewe lisipite miezi sita. Daftari hilo lisomwe katika kila mkutano mkuu pamoja na hesabu za mweka hazina, na mhariri anapomaliza muda wake alikabidhi kwa sahihi, likiwa na miswada yote ambayo haijarudishwa kwa wenyewe.