SAUTI IKIKAUKA, USIKAE KIMYA

Mwenzetu akikauka sauti tunamwambia, "Mafua tu hayo, kunywa chai ya tangawizi." Mara nyingi ni kweli. Siku chache zikipita, sauti inarudi. Je, wiki tatu zikipita haijarudi?

Ndani ya koo mna nyama mbili ndogo ziitwazo nyuzi za sauti. Tunaposema, pumzi inazitikisa. Nyuzi za mwanamume hutikisika kama mara 100 hivi kwa sekunde moja. Za mwanamke, kama mara 200.

Tufikirie watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Huyu anashusha mchi, yule anapandisha. Hata ukiwa mbali unasikia mdundo ulio sawa. Mmoja akichoka, mdundo unavurugika, nawe unajua bila kuwaona. Sauti nayo ni hivyo hivyo. Nyuzi zikivimba au zikiota kinundu, hazitikisiki sawasawa. Sauti inakwaruza.

Katika baadhi ya hospitali kubwa duniani, mdundo huo hupimwa kwa kompyuta. Mgonjwa anavuta pumzi, kisha anasema "aaa" mbele ya maikrofoni bila kukatiza. Kompyuta inachora mawimbi ya sauti yake. Inapima kama kila mtikisiko umechukua muda sawa na uliotangulia, na kama nguvu yake ni ile ile. Hakuna sindano wala maumivu. Baada ya matibabu anapimwa tena, ili ionekane kama amepata nafuu.

Lakini tuelewane. Kompyuta haitaji jina la ugonjwa. Kinundu cha mtu anayepiga kelele mnadani kila siku huvuruga mdundo. Kifua kikuu cha koo huuvuruga. Saratani pia. Kwa hiyo lazima daktari atazame koo lenyewe, kwa kioo kidogo au kwa kamera nyembamba.

Kijijini kompyuta hiyo hatuna, ila masikio tunayo. Ndugu, sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, nenda zahanati. Omba uandikiwe barua ya kwenda hospitali yenye daktari wa koo. Ukipumua au ukimeza kwa shida, ukitema damu, au ukiota uvimbe shingoni, usingoje wiki hizo. Nenda leo. Wavuta tumbaku wasikilize zaidi, maana wao wamo hatarini kuliko wengine.

Saratani ya nyuzi za sauti ikigunduliwa mapema, wengi hupona. Ikichelewa, tangawizi haitasaidia.