Vijana wa Pwani ya Kusini Wangojea Dunia Yenye Sura Yao

Wapo vijana katika mitaa ya Ukunda, Diani na Msambweni ambao ukiwauliza ni jambo gani wanalolingojea kwa hamu kubwa, hawatakutajia safari wala harusi. Watakutajia mchezo wa video ambao haujatoka, na ambao hata waundaji wake hawakutaja siku ya kuutoa. Wazee wakilisikia jambo hili hutikisa vichwa. Lakini si vema kulicheka kabla ya kulielewa, kwani ndani ya kungoja huko mna swali linalotuhusu sote: hadithi za nani ndizo zitakazosimuliwa kesho?

Hatuzungumzii hapa gemu za mpira, ambazo kila mpita njia amekwisha kuzizoea. Katika vibanda vya PlayStation mpira ndio wenye soko, kwa sababu mechi huchukua dakika chache. Mchezaji hulipa, hucheza, humpisha mwenzake. Mchezo wa namna ya pili humwingiza mtu katika nchi ya kubuni yenye milima, misitu, miji na bahari yake. Mchezaji huvaa nafsi ya mtu wa nchi hiyo, akaenda atakako: akitaka hupigana, akitaka hufanya biashara, akitaka huzurura tu akitazama jua likitua. Kuumaliza mchezo kama huo huweza kuchukua saa mia moja au zaidi. Kibanda hakina nafasi kwa mteja wa aina hiyo. Ndiyo sababu mpenzi wa michezo hii huku kwetu mara nyingi huwa mpweke. Hucheza kwa kompyuta ya kuazima, au huridhika kutazama wengine wakicheza, kwenye kioo cha simu yake.

MIAKA YA KUNGOJA

Mchezo uliongojewa kupita kiasi ni wa sita katika mfululizo uitwao The Elder Scrolls, wa kampuni ya Bethesda ya Marekani. Wa kwanza ulitoka mwaka wa 1994. Wa tano, Skyrim, ulitoka tarehe 11 Novemba 2011 na kuenea dunia nzima. Mnamo Juni 2018 kampuni ilionyesha filamu ya muda usiofika dakika moja: milima, ukungu, ufuo wa bahari, muziki, kisha jina la mchezo wa sita. Basi. Mwaka wa 2025 ulimalizika na mchezo wenyewe haujaonekana madukani. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Skyrim ilipotoka amekuwa mtu mzima, na wapenzi wangali wakiikagua filamu ile jiwe kwa jiwe, wakibahatisha ni nchi gani kwa umbo la mwambao wake tu.

Hata hivyo, katika Skyrim kijana wa Kwale hupanda milima ya theluji ambayo hajapata kuikanyaga, na majina anayokutana nayo yana ladha ya Ulaya ya kaskazini. Hakuna ubaya. Watoto wa pwani wamelelewa kwa visa vya Alfu Lela Ulela na hawajapata kufika Baghdad. Lakini msafiri akizunguka nchi za watu kwa miaka, mwisho huuliza kama iko njia inayopita kwao.

MWANA NA BABAKE

Njia hiyo ilianza kuonekana kwa mkono wa Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza katika familia yenye asili ya Kenya. Wapenzi wa gemu walimjua kwanza kwa sauti: ndiye Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka wa 2017, mchezo unaomtembeza mtu katika Misri ya zama za Cleopatra. Bayek ni baba aliyefiwa na mwanawe. Salim mwenyewe alikuwa mwana aliyefiwa na babake, na msiba huo ndio aliougeuza kuwa mchezo. Desemba 2023 alipanda jukwaani Los Angeles na kuutangaza, akimzungumzia marehemu mzee wake mbele ya watazamaji wa dunia nzima.

Mchezo huo, Tales of Kenzera: Zau, ulitolewa na studio yake ya Surgent tarehe 23 Aprili 2024, kwa bei ya dola 19.99. Msingi wake ni hadithi za Kibantu alizosimuliwa na babake, na sauti za Kiswahili zimo ndani yake. Kijana mganga, Zau, anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili baba yake arudishwe. Aprili 2025 mchezo huo ulipata tuzo ya BAFTA huko Uingereza, ile wanayopewa wanaofanya zaidi ya kuburudisha.

Hapa msomaji Mwislamu atasita, na ana haki ya kusita. Mungu wa mauti? Mapatano juu ya roho? Sisi twajua roho iko mikononi mwa nani, na kwamba ajali ikifika haisogezwi mbele wala nyuma. Lakini tazama hadithi inamfunza nini anayeifuata. Zau hufanya yote awezayo, akapambana na majitu na kuvuka majangwa ya moto, na mwisho somo analolipata ni kukubali. Asiyerudi harudi. Ni jambo lile lile tunaloambizana tunapokaa tanga, kwa lugha nyingine. Mzazi mwenye busara atalijua hilo, akakaa na mwanawe na kumtenganishia hadithi na itikadi, kama wazee wetu walivyotusimulia majini na mazimwi bila ya kutupotosha. La kuangalia zaidi ni saa. Mchezo usiokwisha unaweza kula Isha mpaka Alfajiri, na hilo halina tafsiri ya kulipendezesha.

UNAONGOJEWA SASA

Kenzera hutazamwa kwa ubavuni. Mchezaji hufuata njia aliyopangiwa. Wapenzi wakataka zaidi. Oktoba 2024 Salim alitangaza kwamba studio yake inaandaa mchezo mwingine katika ulimwengu ule ule, wa kuvaa nafsi na kuchagua mwendo, utakaotazamwa kutoka juu kwa mshazari. Jina lake la muda ni Uso, neno ambalo msomaji wa Kwale hahitaji kufasiriwa. Papo hapo alieleza kwamba anatafuta wa kuugharamia, kwani mwaka huo huo studio ilikuwa imepunguza wafanyakazi. Julai 2025 Surgent ilitoa mchezo wa kutisha, Dead Take, wenye kisa cha Hollywood. Uso ukabaki katika ahadi.

Kwa hiyo kungoja huku kuna aina mbili. Anayeungojea mchezo wa Bethesda hana shaka kwamba utakuja. Tajiri yupo, ni saa tu. Anayeungojea Uso hangojei saa peke yake, hungojea pia kuona kama mtu mwenye fedha ataamini kwamba dunia ya aina yetu inastahili kujengwa.

Na inastahili. Mtu akitaka nchi ya kutembeza mchezaji, aje huku. Iko Kaya Kinondo, msitu karibu na Diani ambamo mgeni hufungwa kaniki kabla ya kuingia na haruhusiwi kutoka na hata jani. Kaya za Mijikenda zilitiwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka wa 2008. Uko msikiti wa kale wa Kongo chini ya mibuyu, Mto Mwachema unapoingia baharini. Liko pango la Shimoni, ambamo yasimuliwa watumwa walifungwa kungojea majahazi. Wako palahala wa Shimba Hills, wasiopatikana mwituni penginepo katika Kenya.

Lakini mahali bila ya masimulizi ni mandhari tu. Salim aliweza kuijenga Kenzera kwa sababu babake alimsimulia, naye akasikiliza kabla mzee hajaondoka. Huku kwetu wazee wanaozijua ngano za Kidigo, na sababu ya kila mwiko wa kaya, wanapungua mwaka hadi mwaka, na wengi wao hawajaulizwa na mtu.

Simu anayoitumia kijana wa Msambweni kutazama wenzake wakicheza ina kinasa sauti. Na akae nayo kwa nyanya yake jioni moja, baada ya Magharibi. Uso ukija, au mchezo mwingine wowote ukihitaji hadithi kutoka Kwale, atakuwa na kitu cha kutoa. Na usipokuja, hadithi za nyanya yake zitakuwa hazikupotea.