Mafiga Yanakula Kuliko Taa

Mwaka huu mwalimu mlezi wa chama alinipa kazi ya kuandika juu ya kupunguza gharama ya umeme nyumbani. Nilifurahi, nikachukua kalamu, nikaandika kichwa, kisha nikakwama. Kwetu hapa Kalobeyei mjini umeme tunao, lakini ni wa balbu tatu, redio na kuchaji simu. Ati nipunguze nini hapo? Nikaenda kumuuliza mama ni kitu gani hasa kinachomaliza pesa nyumbani. Hakufikiri hata kidogo. Alielekeza kidevu kwenye mafiga, akaendelea kuchambua maharagwe.

Basi nilijua kuwa nilikuwa naandika makala ya watu wa Nairobi. Kwa familia nyingi za hapa, wenyeji na wakimbizi, nishati inayoliwa zaidi haipiti kwenye waya. Inapita chini ya sufuria.

Hata hivyo wacha nimalizane na umeme kwanza, kwani mambo yake si mengi. Umeme wetu hutoka kwenye mtambo mdogo wa jua unaoendeshwa na kampuni ya Renewvia. Unalipia kwanza, kisha unatumia, na yuniti zikiisha, giza. Yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa muda wa saa moja. Ukilijua hilo, hesabu iliyobaki ni ya darasa la tano. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku, mwezi wa siku 30 itakula yuniti 9. Balbu ya LED ya wati 9, ambayo mwanga wake unakaribia kuwa ule ule, itakula yuniti moja na theluthi hivi. Hapo hakuna mjadala.

Adui wetu nyumbani alikuwa pasi. Kaka yangu alinunua pasi ya umeme ya wati 1,000, na kila asubuhi alinyoosha shati moja. Shati moja tu! Pasi hiyo ilihitaji dakika kadhaa kupata moto kabla haijagusa nguo, na ilipozimwa moto huo wote ulipotea bure. Robo saa kila siku kwa siku nne ni yuniti nzima. Yuniti hiyo hiyo ingewasha balbu ya wati 9 kwa zaidi ya saa mia moja, yaani karibu mwezi mzima wa kusoma jioni. Nilipomwonyesha hesabu hiyo alinicheka. Ila Jumatano moja yuniti ziliisha mimi nikiwa katikati ya insha, na mama akaichukua pasi akaifungia sandukuni. Siku hizi kaka hunyoosha nguo za wiki nzima Jumapili mara moja. Wenye friji za soda pale barabarani nao ningewaambia waziweke kivulini, waziache mbali kidogo na ukuta ili joto la nyuma lipate pa kutokea, na wasiwaruhusu wateja kufungua mlango na kusimama wakichagua rangi ya soda.

Wakati mwingine mimi hushangaa jinsi umeme unavyotupita. Bwawa la Turkwel lilikamilika mwaka wa 1991, nalo lina uwezo wa megawati 106, lakini kwa miaka mingi baada ya hapo mji wa Lodwar uliendelea kutegemea jenereta za dizeli, huku umeme wa bwawa ukipanda nyaya kuelekea kusini. Ng'ambo ya ziwa, karibu na Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo iliyounganishwa na gridi ya taifa mwaka wa 2018. Umeme wake nao husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Sisemi haya kwa kinyongo. Labda kidogo tu.

Sasa tuingie jikoni.

Mafiga matatu ni kitu cha heshima, nyanya zetu walitulea juu yake. Lakini wataalamu waliopima wanasema kwamba katika moto wa mafiga ulio wazi, joto linaloingia ndani ya chungu ni kama asilimia 10 hadi 15 tu. Lililobaki linakwenda wapi? Linapasha mawe, linapasha ardhi, linapasha miguu ya mpishi, na zaidi linachukuliwa na upepo. Upepo wa Kalobeyei mnaujua wenyewe. Mwali unalala upande, sufuria inabaki inatazama. Ukinunua mzigo wa kuni kumi, ni kama umepika kwa ukuni mmoja na nusu na kupasha jangwa kwa zilizobaki.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haihitaji hata senti: uzuie upepo. Sisi tuliuzungushia moto wetu ukuta mfupi wa udongo wa laga uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe na majani makavu, tukaacha mlango mmoja wa kutilia kuni na nafasi ndogo juu ya moshi kutoka. Sufuria inakaa karibu na moto, haining'inii juu kama iko sokoni. Kuni tunazipasua nyembamba na kuzianika, kwa sababu ukuni mbichi hutumia moto wake mwenyewe kukausha maji yaliyomo ndani yake kabla haujakupikia wewe. Moshi mwingi si dalili ya moto mkali. Ni kuni zinazoondoka bila kuungua.

Jambo la pili nililipata katika somo la fizikia, nami nikaona aibu kwamba nilikuwa nimelikariri kwa ajili ya mtihani tu. Maji yakishachemka hayaongezi joto tena, hata uwashe kuni za kijiji kizima. Yanageuka mvuke tu. Sufuria inayotokota kwa fujo na ile inayochemka polepole zina joto moja, na maharagwe hayajui tofauti. Basi ikishachemka, ondoa kuni mbili, funika. Kifuniko nakitaja mara ya pili kwa sababu kwetu kilikuwa kimegeuzwa sahani ya kuku.

Maharagwe na githeri ndizo sufuria zinazokula zaidi. Tunayaloweka usiku, na asubuhi tunamwaga maji yale. Kisha kuna kapu. Unachukua kapu kubwa, unalijaza nyasi kavu, unaacha shimo katikati la ukubwa wa sufuria, na unatafuta blanketi kuukuu. Maharagwe yaliyolowekwa unayachemsha vizuri nusu saa (tafadhali msipunguze hapo, maana maharagwe mekundu yasiyochemka barabara yana sumu inayoumiza tumbo), kisha sufuria ikiwa ingali inatokota na imefunikwa unaitia kapuni, unaifunika blanketi na kwenda zako shuleni. Moto hauna tena kazi, joto lililomo ndani linaendelea kupika lenyewe. Mara ya kwanza mama alisema huo ni uchawi wa watu wavivu. Tuliporudi saa tisa maharagwe yalikuwa yameiva, yakihitaji kuchemshwa kidogo tu. Hakusema kitu. Alionja mara mbili.

Nije kwenye makaa, na hapa ndipo penye uzito.

Makaa ni mepesi, hayana moshi mwingi, yanauzwa kwa mkebe, kila mtu anayapenda. Lakini tazama yanavyozaliwa. Katika tanuri la udongo, la kufukia magogo chini ya mchanga, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 za makaa. Kilo moja ya makaa ina joto la karibu kilo mbili za kuni. Tuseme umepata kilo 15: hizo ni sawa na kuni kilo 30. Kilo 70 zimeteketea tanurini kabla mtu hajapika chai. Ndiyo maana anayepika kwa makaa anapaswa kuwa na jiko zuri kuliko anayepika kwa kuni. Kuna lile jiko la bati lenye udongo uliochomwa ndani, kiuno chembamba, ambalo mafundi wa jua kali wa Nairobi walianza kulitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Likiwa zima, hupunguza makaa kwa theluthi moja hadi nusu ukililinganisha na jiko la bati tupu. Likipasuka udongo wa ndani, limekufa. Usidanganywe na rangi ya nje.

Mama yangu ni muuza makaa.

Nimeliacha hadi hapa kwa makusudi. Anachoma mathenge, ambao sisi huuita etirae, mti ulioletwa Turkana katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, nao ukaota mpaka ukaziba njia za mbuzi. Kuukata hakuna anayeulilia. Mti wa ewoi ni habari nyingine: kivuli chake ni mkutano wa wazee na maganda yake ni chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi. Lakini tangu makao ya Kalobeyei yafunguliwe mwaka wa 2016, na kabla yake kambi ya Kakuma mwaka wa 1992, sufuria zimeongezeka sana, na mwenye njaa ya moto hachagui mti. Kuni zinazogawiwa wakimbizi hazimalizi mwezi. Wengine huuza sehemu ya chakula wapate cha kukipikia kilichobaki. Wakiingia porini wenyewe kukata, hugombana na sisi wenyeji. Wakinunua kwetu, tunaishi pamoja. Karo yangu imetoka humo.

Sasa mimi, bila kufikiri, nilikwenda Kijiji cha 2 na wanachama wenzangu kuonyesha kapu. Mama mmoja Mrundi, mteja wa mama yangu wa miaka mingi, alilipenda sana. Baada ya wiki mbili alikuja kununua mkebe mmoja mahali pa miwili. Akamwambia mama, "Dada, mtoto wako ametufundisha vizuri." Mama alicheka naye, akamwongezea vipande viwili vya juu kama kawaida. Mgeni alipoondoka akanigeukia: "Unawafundisha wasinunue. Halafu wewe utasoma na nini?"

Sikuwa na jibu siku ile, na sijifanyi kuwa ninalo lote leo. Nilichofanya ni kukaa naye na daftari. Tulihesabu siku anazotumia kukata, kufukia, kulinda tanuri usiku na kubeba gunia moja. Tukahesabu pia makaa ambayo sisi wenyewe tulikuwa tukiyachoma nyumbani kutoka gunia lile lile, bila kuyaandika popote kwa kuwa "ni yetu". Hapo ndipo alipoguna. Kumbe mteja wake mkubwa kuliko wote alikuwa jiko letu, na halikuwahi kulipa. Baada ya ukuta wa udongo na kapu, makaa yale yanakwenda sokoni. Yamefidia pengo la yule mama Mrundi, ingawa wateja wote wakifanya kama yeye hayatatosha, na mama analijua hilo kuliko mimi.

Nilimshauri auze pia majiko. Alisema atafikiri, mtaji hana. Lakini Jumamosi iliyopita nilimkuta amesuka kapu la pili, kubwa kuliko letu, la yule yule Mrundi. Nikamuuliza atamuuzia kwa bei gani. "Mikebe minne ya makaa," akasema, na akaniambia nisimame kando ya jua, namzibia mwanga.